Mstari Mmoja Niliouondoa Ijumaa

Ujumbe wa kwanza uliniingia saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya tarehe 23 Juni 2025, nikiwa nimesimama ndani ya mwendokasi baina ya Kimara na Ubungo, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine umeshika simu. Ulitoka kwa kijana wa Mwanza ambaye kwa kawaida huniandikia kwa utani mwingi, lakini asubuhi ile aliandika kama mtu anayeandika barua ya madai: "Kaka, habari za asubuhi. Toleo lenu la Ijumaa limegoma huku kwetu. Programu haijengeki kabisa, makosa yamejaa skrini nzima, na sisi hatujagusa kitu." Nilipofika Magomeni ulikuwa umeingia ujumbe wa pili, kutoka Arusha, na nilipoteremka Morocco kutafuta bajaji ya kunifikisha kituo cha Sayansi nilikuwa na simu tatu ambazo sikuzipokea. Sikuzipokea kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua zinahusu nini, na nilijua hata ni mstari gani wa faili gani.

Kampuni ninayofanyia kazi ni ndogo, iko Kijitonyama, na inatengeneza mfumo endeshi unaotegemea Linux kwa ajili ya mashine za mkononi za kulipia na kutoa risiti, zile ambazo mhudumu wa duka huzipiga mgongoni karatasi inapokwama. Sisi hatuandiki programu ya duka. Programu ya duka, ya kituo cha mafuta, ya nyumba ya wageni au ya stendi ya mabasi huandikwa na wajenzi wa nje, ambao wengi wao ni timu za watu wawili watatu zilizotawanyika nchini, na kila timu hujenga programu yake juu ya maktaba yetu ya mfumo. Maktaba ndiyo inayojua kuzungumza na printa, na kisoma kadi, na saa ya ndani, na laini ya simu. Mjenzi wa nje huita amri zake bila kulazimika kujua kinachoendelea ndani. Ili kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa, kazi tunayoiita kujenga, izitambue amri hizo, mjenzi huanza msimbo wake kwa kuingiza faili letu la matangazo, ambalo hutaja kila amri kwa jina, inapokea nini na inarudisha nini. Faili hilo ndilo nililoligusa.

Jina lake ni mashine.h, na tangu mwaka wa kwanza lilikuwa na mstari ulioingiza ndani yake faili jingine la matangazo, risiti.h. Hakuna aliyekumbuka kwa nini mstari ule uliwekwa, na kumbukumbu za Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, zilinionyesha kwamba aliyeuweka ni mimi, jambo ambalo lilinipa uhuru wa kuuita upuuzi. Kwa sababu yake, mtu aliyeingiza mashine.h alipata pia kila kilichomo kwenye risiti.h bila kukiomba: muundo uitwao mstari_risiti, unaobeba jina la bidhaa, kiasi na kiwango cha kodi, pamoja na makro kadhaa, yaani majina ambayo hubadilishwa kuwa maandishi mengine, mojawapo ikiwa na jina fupi mno, safu. Makro katika lugha ya C haina adabu. Haiulizi jina limetumika kwenye faili la nani wala kwa kazi gani; popote inapolikuta neno lake hulibadilisha kabla kompaila yenyewe haijaanza kusoma. Mwezi Aprili mzee mmoja wa Kariakoo, anayejiandikia mwenyewe programu ya duka lake la vipuri na ambaye alianza kuandika msimbo nikiwa bado shule ya msingi, alinipigia simu akilalamika kwamba ametumia safu kama jina la kigezo chake na kompaila inamjibu mambo yasiyohusiana hata kidogo na alichoandika. Alikuwa amepoteza siku moja na nusu kutafuta kosa ambalo halikuwa lake. Nilimwomba radhi, nikamwahidi kwamba toleo linalofuata halitakuwa na uchafu huo.

Ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Maktaba ya C ya mradi wa GNU, glibc, ambayo mifumo mingi ya Linux imejengwa juu yake, iliishi nao kwa miaka mingi: faili la sys/types.h liliingiza kimyakimya faili la sys/sysmacros.h, lenye makro zinazoitwa major na minor, na mtu aliyetaka kutumia majina hayo kwa sehemu za namba ya toleo la programu yake alikwama vilevile kama mzee wangu wa Kariakoo. Waliamua kuufunga mlango huo wa pembeni. Walianza kutoa onyo katika toleo la 2.25, mwaka 2017, wakaufunga kabisa katika toleo la 2.28, mwaka 2018. Habari hiyo nilikuwa naikumbuka, na niliitumia kama ushahidi nilipokuwa najishawishi. Nilichokikumbuka, hata hivyo, ni ule uamuzi wa kufunga. Mwaka mmoja na nusu wa maonyo uliotangulia sikuukumbuka, wala sikukumbuka kwamba pamoja na maonyo yote hayo programu nyingi bado zilikataa kujengwa siku mlango ulipofungwa.

Basi niliufuta mstari. Nilijenga upya programu zetu wenyewe, za majaribio na za maonyesho, na zote zilijengeka bila hata onyo moja, kwa sababu sisi wa ndani huingiza risiti.h waziwazi kila tunapoihitaji, kwa kuwa sisi ndio tunaojua kwamba ipo. Niliweka toleo jipya kwenye mashine kumi na mbili za maabara, zikiwa na programu za wajenzi wa nje tulizokuwa nazo, na zote ziliendelea kutoa risiti kama kawaida. Ijumaa saa kumi na moja jioni nikalitangaza toleo la 4.3, nikazima kompyuta, nikaenda kula mishikaki. Kuhusu kutoa toleo Ijumaa jioni sina utetezi, na wanaonifahamu wamekwisha kuniambia yote yanayoweza kusemwa juu ya jambo hilo.

Mwenzangu mmoja, kijana hodari wa C ambaye namwamini kuliko ninavyojiamini mimi, alikuwa amenitangulia ofisini Jumatatu ile na alikuwa tayari na hoja. Kwanza, alisema, wajenzi wa nje ndio wenye makosa: kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba faili linalotumia kitu liingize lenyewe tangazo la kitu hicho, na nyaraka zetu zinasema wazi kwamba mstari_risiti unapatikana kwa kuingiza risiti.h. Pili, hakuna mashine hata moja iliyosimama. Maduka yote yanaendelea kuuza. Tatu, dawa yake ni mstari mmoja tu, ambao kila timu inaweza kuuongeza ndani ya dakika moja. Hoja zote tatu zilikuwa za kweli. Nilizisikiliza kwa raha ya mtu anayesikia utetezi wake ukisomwa na wakili mzuri, na ilinichukua nusu saa nzima kuona kwamba hazitusaidii.

Nianze na hii ya pili, kwa sababu ndiyo iliyonidanganya tangu maabara. Kuna kuvunja programu iliyokwisha kujengwa, na kuna kuvunja ujenzi wenyewe, na sisi watu wa maktaba za mfumo tumezoea kuogopa la kwanza tu. Mwaka 2010, watumiaji wa Fedora 14, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwenye kompyuta za biti 64 walianza kusikia sauti ya video za Flash, programu iliyotumika enzi hizo kuonyeshea video kwenye tovuti, ikikwaruza. Sababu ilikuwa kwamba glibc ilikuwa imeongeza kasi ya amri ya memcpy, ya kunakili data, kwa baadhi ya prosesa kwa namna iliyobadilisha mwelekeo wa kunakili, ilhali Flash ilikuwa ikiitumia amri hiyo kunakili baina ya sehemu za kumbukumbu zinazoingiliana, jambo ambalo kiwango cha lugha ya C kinalikataza. Kisheria kosa lilikuwa la Flash. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, aliingia kwenye mjadala akisema kwamba mtumiaji asiyesikia muziki wake hajali kiwango kinasema nini. Suluhisho lililopatikana katika toleo la 2.14, mwaka 2011, lilikuwa la ustadi: jina la memcpy lilipewa matoleo mawili ndani ya maktaba ileile, programu zilizojengwa zamani zikaendelea kupewa tabia ya zamani, na zinazojengwa upya zikapewa ile mpya. Utaratibu huo wa kuyapa majina ya amri matoleo ni kitu kizuri sana, nasi tunautumia.

Lakini utaratibu huo haufiki kwenye faili la matangazo. Faili la matangazo ni maandishi matupu, lipo moja, na anayejenga leo hulisoma lilivyo leo. Toleo hilohilo la 2.14 ndilo lililotoa mfano wa upande wa pili: glibc iliondoa matangazo ya RPC ya zamani iliyotoka kampuni ya Sun, njia ya programu moja kuita amri zilizo kwenye kompyuta nyingine, ikihakikisha kwamba programu zilizokwisha kujengwa zinaendelea kufanya kazi, huku programu zinazojengwa upya zikizuiwa kuitumia. Kwa mtu anayeangalia kompyuta zinazofanya kazi, hakuna kilichovunjika. Kwa wasambazaji wa Linux, ambao kazi yao ni kujenga maelfu ya programu kutoka kwenye msimbo, ilikuwa ni balaa, kwa sababu mbadala uliokuwapo haukuwa umekamilika kwa kila mtumiaji, na baadhi yao waliyarejesha matangazo yale wao wenyewe. Hatimaye glibc ilikubali kuweka swichi ya kuyarudisha wakati wa kujenga maktaba, na msimbo ule haukung'olewa rasmi hadi toleo la 2.32, mwaka 2020. Kutoka jaribio la kwanza hadi kufaulu ni miaka tisa.

Mashine zangu kumi na mbili za maabara, kwa hiyo, zilikuwa zikinipa jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Kufuta mstari kwenye mashine.h hakubadilishi hata baiti moja ya programu iliyokwisha kujengwa; zisingeweza kugoma hata kama ningetaka. Swali lilikuwa kama wajenzi wa Mwanza na Arusha na Mbeya wanaweza kujenga tena kile walichokijenga wiki iliyopita, na swali hilo halikuwa na mahali pa kujibiwa ndani ya ofisi yetu.

Kuhusu hoja ya kwanza, ya nani mwenye makosa, nilijikuta nikifikiria uani kwetu Kimara. Bomba letu liko karibu na ukuta, na jirani, ambaye bomba lake limekufa zamani, huchota kwetu kwa mpira uliopitishwa juu ya ukuta. Hakuna mkataba, hakuna aliyeomba rasmi, na bili ni yangu. Siku nikifunga koki hakuna mwenyekiti wa mtaa atakayenihukumu. Ila watoto wa nyumba ile watakwenda shule bila kuoga, nami nitakuwa nimejua hivyo kabla ya kufunga. Wajenzi wale walikuwa wakichota mstari_risiti kupitia mashine.h kwa miaka mitano, na hakuna aliyewaambia kwamba ule ni mpira uliopita juu ya ukuta.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoangushwa na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko ya kodi na tozo yanayopitishwa bungeni Juni kwa kawaida huanza kutumika siku hiyo, kwa hiyo kila mtu anayeandika programu ya risiti nchini hutumia wiki ya mwisho ya Juni kubadilisha viwango, kujenga upya, kujaribu na kusambaza. Wale wajenzi hawakutaka chochote kipya kutoka kwetu. Walibadilisha namba mbili tatu kwenye msimbo wao, wakaagiza ujenzi, na ujenzi ukavuta maktaba yetu mpya kabisa kwa sababu ndivyo tulivyowaelekeza kuuweka. Dakika moja ya kuongeza mstari ilikuwa kweli ni dakika moja kwa anayejua tatizo ni nini. Kijana wa Mwanza alinitumia picha ya skrini yake: kompaila ilikuwa inadai kwamba haijui ukubwa wa mstari_risiti, kisha ikarudia dai hilo kila mahali muundo ule ulipotajwa, mara mia na kitu, na hakuna hata mstari mmoja wa malalamiko hayo uliotaja mashine.h. Alikuwa ameanza kuchunguza diski yake kama imeharibika.

Mkuu wetu wa kazi, ambaye wote tunamwita Dada ingawa ametuzidi umri kwa mbali, aliingia saa tatu, akasikiliza hoja zote tatu akiwa amesimama na pochi begani, akauliza ni timu ngapi zimeshika 4.3. Kumbukumbu za seva zilionyesha kumi na tisa. Akauliza ngapi zimepiga simu. Saba. "Hao kumi na wawili," akasema, "ama hawajajenga bado, ama wanadhani wamekosea wao. Tengua."

Napenda kwamba lugha yetu ina neno hilo. Tumelizoea kutoka kwenye taarifa za usiku zinazosema kwamba uteuzi wa fulani umetenguliwa, na kabla ya hapo tulilijua kutoka madrasa, kwenye yale yanayotengua udhu. Katika matumizi yote mawili halimaanishi kwamba jambo halikutokea. Uteuzi ulikuwapo, udhu ulikuwapo, na sasa haupo. Ndivyo Git nayo inavyofanya: ukiiagiza itengue badiliko, haifuti chochote katika historia, huandika badiliko jipya lililo kinyume cha lile la kwanza, na yote mawili hubaki yakionekana na tarehe zake na jina la aliyeyafanya. Kulikuwa na kishawishi cha njia fupi zaidi, yaani kuliondoa toleo la 4.3 kwenye seva na kuliweka tena likiwa limesahihishwa kwa namba ileile. Tulikikataa, kwa sababu timu kumi na tisa zilikuwa nalo tayari, na hakuna mkanganyiko mbaya kama watu wawili wanaobishana kwa simu kuhusu 4.3 huku kila mmoja ana 4.3 yake.

Nilidhani nitamaliza kabla ya chai ya saa nne. Hapo ndipo nilipokutana na kosa langu la pili, ambalo sikuwa nimelitaja kwa mtu yeyote kwa sababu sikuwa nalikumbuka. Katika badiliko lilelile nililofuta mstari, nilikuwa pia nimerekebisha hitilafu ya printa, ile inayofanya mashine isijue kwamba karatasi imekwisha na kuendelea "kuchapisha" risiti hewani. Zilikuwa siku za haraka, faili zilikuwa wazi zote mbili, nikazihifadhi pamoja chini ya maelezo ya maneno manne: "usafi wa faili na printa." Nilipoagiza Git itengue, ilitengua vyote, na ile hitilafu ya karatasi, ambayo ndiyo sababu ya timu mbili za Dodoma kulihitaji toleo la 4.3, ikarudi hai. Ilibidi niketi na badiliko langu mwenyewe, mistari sitini na kitu, niichambue mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele wa mafungu mawili uliomwagika kwenye ungo mmoja: huu ni wa printa ubaki, huu ni wa usafi urudi. Katika sehemu mbili rekebisho la printa lilitegemea kwamba risiti.h haiingizwi tena. Kazi niliyoitegemea imalizike kwa dakika kumi ilikwisha Jumanne saa mbili usiku, na nusu ya muda huo ilikuwa ya dada wa majaribio, ambaye alikataa kata kata kupitisha toleo lolote mpaka nimpe karatasi inayokwisha, mbele ya macho yake, mara kumi mfululizo.

Maelezo ya utenguzi niliyaandika mara tatu. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba tunarudisha mstari huo kwa muda ili kuwapa nafasi wajenzi ambao hawafuati kanuni, na Dada aliirudisha bila neno, ameizungushia duara sehemu ya mwisho. Ile iliyotoka na toleo la 4.3.1 ilisema nini kiliondolewa, lini, nini kilivunjika na kwa nani, nini kimerudi na nini hakikurudi, na kwamba asiye na tatizo na 4.3 asome aya ya mwisho kabla hajapandisha. Aya hiyo ya mwisho, nakiri, ilikuwa na sentensi moja tu, na haikutosha.

Jumatano asubuhi ilipigwa simu ya Arusha. "Kaka, samahani," alianza yule dada anayeongoza timu ile, kwa upole ambao niliujua kuwa umefika ukingoni, "mmetuvunjia Jumatatu, tumekesha tukarekebisha, na leo mmetuvunjia tena." Nilimwomba anisomee kosa. Kompaila ilikuwa inasema kwamba muundo wa mstari_risiti umetangazwa mara mbili. Usiku wa Jumatatu, kijana wake, alipoona muundo umetoweka, hakujua kwamba upo kwenye faili jingine; alifungua toleo la zamani, akaunakili muundo mzima, akaubandika juu ya msimbo wao, na kila kitu kikajengeka. Sasa mashine.h ilikuwa imerudi kuuleta muundo uleule, na C, ambayo husamehe kuingiza faili lilelile la matangazo mara mbili kama limewekewa kinga, haisamehi muundo mmoja kuandikwa mara mbili. Kiwango kipya cha C23 kimeanza kuruhusu jambo hilo ikiwa nakala zote mbili zinafanana kabisa, lakini kompaila tunayowapa wajenzi wetu ni ya kabla ya hapo.

Hili sikuwa nimelisikia likisemwa popote, na ndilo lililonifundisha zaidi katika wiki ile: kutengua ni badiliko kama badiliko jingine, na humvunjia yule aliyekuwa mwepesi kutii. Waliochelewa walinufaika. Mwanza, ambao walikuwa bado wanalaumu diski, walivuta 4.3.1 na mambo yakawa kama hakuna lililotokea. Mbeya, ambao walikuwa wameongeza mstari wa kuingiza risiti.h kama mwenzangu alivyopendekeza, nao hawakuona tofauti. Aliyeumia mara mbili ni yule aliyekesha. Nilikaa na kijana wa Arusha kwenye simu kwa dakika arobaini, na kabla ya kumwambia afute nakala yake nilimwomba anisomee kila kipengele cha muundo kwa mpangilio wake, kwa sababu kuna jambo lililonitia hofu kuliko ujenzi uliogoma. Kama alinakili kutoka toleo la zamani mno, ambalo kiasi na kodi vilikuwa vimepangwa kinyume, programu ya Jumatatu ilijengeka vizuri na ingechapisha kodi mahali pa bei kwa siku nzima bila kulalamika. Alinakili lililo sahihi. Programu inayokataa kujengwa angalau imekuambia.

Baadaye, vumbi lilipotulia, nilikumbuka kwamba miezi mitatu tu kabla ya hapo nilikuwa nimewacheka wengine kwa kosa la aina hiyohiyo. Tarehe 24 Machi 2025, setuptools, chombo kinachotumika kujenga vifurushi vingi vya programu za lugha ya Python, kilitoa toleo la 78.0.0 lililokataa maandishi ya namna fulani ya kizamani katika faili la mipangilio la setup.cfg. Onyo lilikuwapo tangu mwaka 2021. Vifurushi vingi vikakataa kujengwa, vikiwemo ambavyo waandishi wao hawavigusi tena, na baada ya muda mfupi toleo la 78.0.2 likaahirisha katazo hilo. Nilipoisoma habari ile nilisema, mbele ya watu, kwamba miaka minne ya onyo inatosha kwa mtu mzima. Sikujiuliza onyo lile lilikuwa likisomwa na nani. Anayejenga kifurushi mara nyingi si aliyekiandika, na onyo linapita katikati ya mistari elfu mbili ya maandishi mengine kwenye seva ambayo hakuna aliyekaa mbele yake. Sisi hata onyo hatukutoa, kwa hiyo kicheko kile nimekilipia kwa riba.

Dawa ambayo miradi mikubwa hutumia inajulikana. Watu wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, kabla ya kupitisha badiliko kubwa katika mfumo wao wa msingi, huweza kujenga kwa majaribio mkusanyiko wao wote wa programu za nje, zaidi ya 30,000, na kuona zipi zimeanguka. Wao wana msimbo wote mkononi. Wajenzi wetu hawawezi kutupa msimbo wao, na siwalaumu. Msimbo ule ndio duka lao. Tulikubaliana na kumi na moja kati yao kwamba kila toleo litapelekwa kwao siku kumi kabla, na seva zao zitajaribu kujenga zenyewe usiku na kuturudishia neno moja tu, imejengeka au haijajengeka, bila msimbo wala maandishi ya makosa. Waliobaki hawakujibu barua. Mwezi Agosti utaratibu huo ulitukamatia badiliko jingine, la mwenzangu safari hii, amri mpya aliyoipa jina ambalo timu ya Morogoro ilikuwa imekwisha kulitumia kwa amri yao wenyewe. Hata hilo si jipya: glibc ilipoongeza amri ya gettid katika toleo la 2.30, mwaka 2019, QEMU, programu ya kuigiza kompyuta nyingine, na wengine waliokuwa wamejiandikia gettid zao walikwama kwa namna hiyohiyo.

Mstari wenyewe upo hadi leo ndani ya mashine.h. Juu yake nimeandika maelezo kwa Kiswahili, yenye tarehe, yanayosema usiuondoe na kwa nini. Anayetaka faili safi anaweza kufafanua MASHINE_SAFI kabla ya kuliingiza, na hapo risiti.h haiji wala makro ya safu haiji. Ni utaratibu wa kizamani, glibc inautumia kwa majina kama _GNU_SOURCE, na unafanya kazi.

Hilo la mwisho nililitengeneza kwa ajili ya mzee wa Kariakoo, kwa kuwa ahadi niliyompa ilikuwa imetenguliwa pamoja na mengine. Nilimpigia simu kumweleza. Nikamwamkia, nikamsimulia mkasa wote tangu Ijumaa, nikamweleza jinsi ya kufafanua MASHINE_SAFI juu ya faili lake ili aweze kutumia jina la safu bila wasiwasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake nikisikia mtu akiuliza bei ya breki za Carina. "Marahaba, mwanangu, na pole sana," akasema. "Lakini mimi nilishaiita safuu, kwa u mbili, siku ileile nilipokupigia."